Siku Mama Alipopungwa Pepo

Nilipokuwa mtoto kule Kakuyuni, mama aliuza mahamri, na hakuwa mtu wa kukaa bure. Kisha yakamwanza mambo. Ghafla tu aliacha mwiko, akashika kifua, pumzi zikamkata, akasema, "Nakufa." Baada ya kitambo alirudi kwenye karai, amejaa haya. Mwaka haukwisha akaacha kuuza, akaacha harusi na matanga, mwishowe hata kisimani hakwenda. Majirani hawakuwa na shaka: ni pepo.

Bibi, mamake baba, alimpenda mkaza mwanawe, naye ndiye aliyemwita fundi wa kupunga. Alasiri moja mama akakalishwa mkekani, akafunikwa kaniki gubigubi, chetezo cha ubani kikatiwa humo humo. Ngoma zikalia, kisha zikanyamaza.

"U nani? Wataka nini?" fundi akauliza.

Sauti ya mama ikatoka chini ya kaniki, ile ile ya kuniitia chakula.

"Ni mimi. Naogopa tu. Sijui naogopa nini."

"Si yeye huyo," fundi akasema. "Ni pepo, mjanja, ajificha kwa sauti yake. Ongezani ubani!"

Mama alikohoa mpaka nikalia. Bibi akaniziba mdomo: "Nyamaza, mjukuu wangu, mamako yuapona."

Mwishowe mama akasema anataka pete ya fedha. Vigelegele vikapigwa. Tangu siku hiyo hakumwambia mtu tena kwamba anaogopa.

Mwaka jana, hotelini ninakofanya kazi ya kupiga pasi, huko Bofa, moyo wangu nao ulianza kwenda mbio bila sababu. Nilisingizia joto kwa miezi, mpaka nikawa nakosa kazini kwa kuogopa tu kwamba hali ile itanirudia. Ndipo nikaenda hospitali. Daktari akapima moyo, akaukuta mzima, akaniuliza naogopa nini. Nikasema sijui. Alinisadiki. Wasiwasi ukifika hapo ni ugonjwa, akaniambia, nao hutibika, sikupaswa kungoja hivyo. Nililia pale kitini, na sikuwa nikijililia mimi.

Nilikwenda Kakuyuni kumchukua mama nimpeleke kwa daktari. Nikamweleza yote polepole, nimemshika mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlenga.

"Pole, mwanangu," akasema. "Kumbe amehamia kwako."

Hapo nikajua kwamba naye ameshaamini ni pepo. Mama alihitaji mtu wa kumsadiki siku ile alipopungwa. Mimi nilimsadiki, lakini nilikuwa mtoto.