Uwanja wa Mwalimu Kinoti

Kinoti alipofika Garissa kufundisha michezo katika chuo kimoja cha ualimu, alikabidhiwa mpira wa kikapu uliochubuka na uwanja wa saruji uliowaka kama kikaango. Alidhani angekaa mwaka mmoja, miwili ikizidi. Mvua zikaja na kwenda, Tana ikafurika na kunywea, naye bado yupo. Mkewe, Wanji, alibaki Nkubu, kwao Meru, na duka lao dogo, kwenye umande na migomba, na kila alipopiga simu maneno yake yalikuwa yamepungua kidogo.

"Baba Mwenda," alimwambia mwezi wa Januari, "mwaka huu urudi. Usiporudi, usijisumbue tena kuniambia utarudi."

Bila idhini ya mkuu wa chuo hakuna uhamisho. Mkuu, Bwana Noordin, alikuwa mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukuta. Ukuta wa mawe mtu huupiga teke. Wa Noordin ulikukaribisha chai.

"Mwalimu, mechi zako hata mbuzi hawasimami kuzitazama," alisema. "Niwaambie wakubwa unaondoka baada ya kufanya nini? Nijazie uwanja kwanza, halafu tuzungumze."

Kinoti akaondoa mechi kwenye jua la saa nane, akaiweka baada ya swala ya alasiri, iishe kabla ya magharibi. Akatandika mikeka upande wa kivuli. Akawaalika akina mama wa chai na birika zao. Watu walikuja, wakanywa, wakaupa mpira mgongo. Vijana walipanda na kushuka uwanjani kama watu wanaotafuta kitu walichokipoteza, na hakuna aliyejali kama watakipata.

Aliyeujua ugonjwa ni Ogle, dalali wa soko la mifugo, aliyekuja kumtazama mpwa wake Mustafe akicheza.

"Maalimu, wewe nakosea," alisema. "Naleta ngamia sokoni, husemi mama yake nani, husemi tabia yake. Nani atanunua?"

"Hawa si ngamia, mzee."

"Ngamia ana heshima kuliko hawa. Niachie mimi."

Jumamosi iliyofuata Ogle alikuja na fimbo yake, akashika kipaza sauti, akawazungusha wachezaji uwanjani mmoja mmoja, polepole, kama mnyama anavyozungushwa mbele ya wanunuzi.

"Huyu Mustafe, mtoto wa dada yangu! Ona miguu! Amekunywa maziwa ya ngamia mbaka akasahau maji. Lakini mvivu, wallahi! Ukiweka mzigo, analala chini!"

"Abti, mjomba, utaniaibisha!" Mustafe akalia. Watu wakaangua kicheko.

"Na huyu Muema, wa Kitui. Amekula mahindi maisha yake yote, maskini, lakini kuruka anaruka kama swala!"

Mpira ulipoanza, kila mtu alikuwa na mtu wa kumtazama. Mustafe akikosa kikapu, uwanja mzima ulipiga kelele, "Amelala! Amelala!" Muema akiruka, hata akina mama wa chai waliinuka. Baada ya majuma machache watu walikaa juu ya kuta. Kinoti alicheka pamoja nao, na chini ya kicheko alianza kufunga mizigo.

Siku ya mechi na wageni kutoka Wajir, wakati wa mapumziko, Noordin alimwita katikati ya uwanja. Ogle akamshika mkono wa shati, akamzungusha.

"Huyu alitoka Meru, kwenye baridi! Alifika mnyonge, ngozi na mfupa tubu! Sasa jua letu amelizoea. Na meno yote anayo!"

Kinoti alicheka mpaka machozi. Noordin akanyoosha mkono. Kinoti akaupokea, akidhani anapongezwa tu. Ogle akaupiga mkono wake juu ya mikono yao, akaikandamiza, na umati ukanguruma.

"Imekwisha hiyo, mwalimu," Mustafe alimwambia. "Sokoni dalali akifunga mikono hivyo, biashara imepita. Kurudi nyuma ni aibu."

"Biashara gani?"

Noordin alimwinamia, uso umejaa furaha. "Nikikuachilia sasa, ndugu yangu, uwanja huu nitaujaza na nani? Nimekwisha waambia wakubwa: huyu haendi popote."

Kiganja cha Ogle kilikuwa kikavu na kizito. Nyuso zote zilimtazama kwa mapenzi, na mapenzi hayo hayakuwa na mlango. Kinoti akatabasamu.

Simu ilipolia alikuwa amefika ukingoni mwa uwanja. Wanji.

"Mbona kelele hivyo?"

"Niko uwanjani."

"Wanashangilia nini?"

Kinoti akaugeukia umati uliokuwa bado ukiliita jina lake.

"Wanakupenda huko," Wanji alisema, bila hasira. "Basi kaa nao." Simu ikakatika.

"Maalimu!" Ogle aliita kwenye kipaza sauti. "Jua nakwenda!"

Kinoti aliingia uwanjani, akatia filimbi mdomoni, akapuliza. Ikatoka pumzi tu. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha mpya.