Udongo wa Nyuma ya Choo

Ujinga wangu ulianza na uvivu: udongo wa kutengenezea saruji niliuchimba nyuma ya choo cha shule. Mwalimu wa kemia alikuwa ametutuma bondeni, upande wa Kabungu, kwa miguu, na jua lile. Nani aende? Alikuwa anatufundisha saruji isiyochafua sana hewa. Udongo wa mfinyanzi unachomwa, unasagwa, kisha unachanganywa na unga wa mawe ya chokaa na saruji kidogo ya dukani. Kuchoma nilipewa mimi, maana mama ni mfinyanzi na ana tanuri la vyungu.

Sasa, mfinyanzi hapimi udongo kwa macho. Anauweka kwenye ulimi, asikilizie kama una mchanga. Hilo nalijua tangu utotoni, ila siku hiyo akili ilikuwa likizo. Mama akamega donge langu, akalamba. Mate yakanijaa mdomoni. Akamega tena, akatafuna taratibu kama anayeonja mchuzi. Nikageuza uso pembeni.

"Mlaini, halafu una chumvi kidogo," akasema. "Umeutoa wapi?"

Ile chumvi ndiyo iliyonimaliza. Alipomega kipande cha tatu, nikasema ukweli kabla hakijafika mdomoni. Mama akasukutua mara tatu, akafuta ulimi kwa kanga. Aliyetapika ni mimi. Kisha akaninyooshea kile kipande.

"Onja na wewe, baba. Usipokuta mchanga, tutachoma."