Siku Inveta Yangu Ilipovishwa Blanketi

Aibu hii ni yangu na naisimulia mwenyewe, maana Mlola nzima wanaijua tayari, na hadi leo nikishuka pale sokoni hakosi mtu wa kuniuliza, kwa upole kabisa, kama mgonjwa ameshapata nafuu. Mgonjwa anayeulizwa ni inveta.

Mimi ni fundi wa umeme, nina karakana ndogo Lushoto mjini, na kwa mwaka mzima nilikuwa naunda inveta yangu mwenyewe, lile kasha linalogeuza umeme wa betri za sola uweze kuendesha jokofu. Nilikuwa na jokofu maalumu kichwani. Mama Mkubwa Zaina, dada yake mama yangu, ni mwenyekiti wa kina mama wa maziwa kule Mlola, na wana jokofu kubwa na betri zake, ila inveta iliungua zamani, kwa hiyo maziwa ya jioni yanachacha kabla ya gari la asubuhi na wanayamwaga mgombani. Niliwahi kumwona akimwaga, roho ikaniuma.

Basi ikaja fomu ya mradi fulani wa kupima ukomavu wa vifaa vya umeme vinavyoundwa na mafundi. Ngazi ni tisa: ya kwanza ni wazo tu, ya nne ni kifaa kimefanya kazi mezani kwa fundi, ya sita ni kifaa kinajaribiwa mahali pa kazi yenyewe, ya nane ni kifaa kimekamilika na kimethibitika mikononi mwa watumiaji. Yangu ilikuwa ya nne, tena ya nne ya kujivunia. Lakini fundi jirani (yule ambaye hajawahi kujaza fomu yoyote ikajibiwa, na bado nikamsikiliza) akaniambia wanaoandika chini ya saba hawatazamwi. Nikaandika nane. Kalamu yangu, mkono wangu, hakuna aliyenishika.

Jumanne simu ikalia: mtathmini anakuja Alhamisi, na anataka kuiona ikifanya kazi kwa hao watumiaji. Watumiaji gani, ndugu zangu? Jumatano nikaifunga inveta kwenye bodaboda, mimi nyuma nimeikumbatia kama mtoto wa kulazwa, mpaka Mlola. Nikaiunga, jokofu likanguruma, kina mama wakapiga vigelegele, na mimi badala ya kuridhika nikamvuta Mama Mkubwa pembeni.

"Shikamoo tena, Mama Mkubwa. Kesho mgeni akiuliza, mwambie ina miezi sita."

"Marahaba. Mimi nitasema nilichokiona, Rehema."

Nikadhani anatania. Jioni nikarudi mjini, nikimwachia usia: aitunze sana, isiingie ukungu wala unyevu. Usia wenyewe ulikuwa sahihi, kosa langu ni kwamba sikusema aitunzeje, na huku kwetu milimani kitu cha kutunzwa kinafunikwa, awe mtoto mchanga, iwe chupa ya chai, awe mgonjwa.

Alhamisi nikafika pamoja na mtathmini, Dokta Mushi, mtu mzima mwenye shati jembamba la Dar es Salaam, anatetemeka kwa baridi. Akapewa chai kwanza, maana huanzi kazi na mgeni mwenye njaa, na huku anakunywa akaniuliza maswali: transista zangu zimefanya kazi saa ngapi mfululizo, kwenye joto gani, kapasita nilizichagua kwa kigezo kipi. Nikajibu kwa kirefu sana, na kadiri nilivyorefusha ndivyo alivyozidi kunitazama.

"Kasha lenyewe liko wapi?" akauliza.

Lilikuwa kwenye kona. Blanketi zito la kijivu, juu yake khanga mbili, limefungwa kwa kamba vizuri, hata tundu la hewa halionekani. Usiku kucha na asubuhi yote lilikuwa humo, linafanya kazi.

Kabla sijalifikia, akamgeukia Mama Mkubwa. "Mama, hii mmeitumia muda gani?"

"Tangu jana, baada ya adhuhuri," akajibu, bila kupepesa.

Hapo hapo kasha likalia pwaa, moshi ukatoka kwenye khanga, Dokta akarukia swichi ya betri akaizima, na mama mmoja, kwa nia njema kabisa, akanyakua ndoo iliyokuwa karibu akaimwagia inveta. Ilikuwa ndoo ya maziwa. Yaliyobaki yakaishia kwenye viatu vya mgeni.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakaa chini kwenye yale maziwa nikasema yote: mezani tu, ngazi ya nne, nane ni uongo wangu, Mama Mkubwa hana kosa.

Dokta akaomba bisibisi. Akalifungua kasha, akalikagua kipande kwa kipande, viatu vyake vinanuka maziwa. "Kapasita moja imepasuka kwa joto," akasema. "Transista zote ni nzima. Imevumilia blanketi tangu jana, hiyo si kazi mbaya. Kazi yako ni ya kweli, binti, namba yako ndiyo ya uongo." Akanipa fomu na kalamu, mbele ya kina mama wote. Nikafuta nane, nikaandika nne.

"Sasa hii naweza kuisaidia," akasema. "Sisi tunatafuta za ngazi ya nne zinazohitaji mahali pa kujaribiwa. Ya nane ingekuwa imeshamaliza, nisingekuwa na la kukufanyia."

Nililia, nakiri, na Mama Mkubwa akanifuta machozi kwa khanga yenye harufu ya moshi.

Ikawekwa kapasita imara zaidi na feni, na Mlola pakawa ndipo mahali pa majaribio. Mama Mkubwa anaandika joto la kasha kila asubuhi, hasahau hata siku moja, na wiki iliyopita alinitumia chupa ya maziwa ya jioni yaliyolala humo. Nikayanywa nimesimama, yalikuwa matamu.

Juzi fomu imekuja tena. Nikashika kalamu, kisha nikaiweka nikapiga simu Mlola. "Mama Mkubwa, tuandike ngapi?"

"Imeshavuka masika?"

"Bado."

"Basi andika sita, mwanangu. Tutapanda polepole."

Nikaandika sita. Na blanketi nimemnunulia jipya, kwa sharti kwamba ajifunike yeye.