Mkono wa Kushoto wa Askari Kanzu

Baba alikuwa mwandishi wa mabango. Miaka ile ya neema ya mafuta, Jeddah ilifungua duka jipya kila ukigeuza shingo, na kila duka lilitaka jina lake juu ya mlango, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kubwa kuliko la jirani. Kazi hiyo alijifunza Unguja, akaja nayo tulipohama baada ya mapinduzi. Mtaani kwetu Al-Baghdadiyah hukuweza kwenda kununua mkate bila kupita chini ya maandishi yake.

Kisha asubuhi moja mkono wake wa kulia ukakataa. Haukufa, ila ulitetemeka na kulegea. Tonge lilifika mdomoni nusu. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, na kwamba tumshukuru Mungu umeguswa kidogo.

Kafili wake, mdhamini wake nchini na mwenye karakana, hakuwa mtu mbaya. Alimpa mpaka mwisho wa Shaabani. Akiweza kuandika, ikama, kibali chake cha ukaazi, itafanywa upya. Asipoweza, halas, basi tena, kwa sababu baba na mama waliishi nchini kwa kibali cha kazi ile moja tu. Wengine wakifutiwa ikama hurudi kwao. Wazazi wangu hawakuwa na kwao pa kurudi. Nyumba yetu ya Unguja ilikuwa na watu wengine zamani.

Mimi nilikuwa Riyadh, nachora ramani za majengo katika ofisi moja ya Al-Murabba. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na maradhi ya kuuliza. Nilimuuliza imamu, nilimuuliza mkuu wa ofisi, nilimuuliza hata dereva wa basi pale Batha kwa nini tunaambiwa saa kumi wakati kila siku tunaondoka saa kumi na moja. Kila mwisho wa wiki nilipoweza, nilipanda basi hilo kwenda Jeddah kumshughulikia baba kwa hoja.

Wazo lilikuwa la mama: aandike kwa mkono wa kushoto. Baba hakutaka kulisikia.

"Mkono huo una kazi yake," alisema. "Niutumie kuandika Bismillahi juu ya mlango wa mtu?"

Nikamletea hoja. Hakuna aya inayomkataza mgonjwa, nikasema. Nikamtajia wanavyuoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu aliyowapa wateja wasumbufu.

"Hoja zako nzuri, mwanangu," akasema. "Tafuta msumari uzitundike."

Zilipobaki wiki nne, mjomba, kaka yake mama, akasema nyumba ile inanuka ugonjwa na inahitaji picha. Mji haukuwa na majumba ya sinema. Ulikuwa na watu waliokodisha mashine na mikanda kimyakimya, na kila familia ilijua mlango wa kubisha. Alhamisi baada ya Alasiri tukaziba madirisha kwa mablanketi. Shuka jeupe lilitundikwa kwenye uwazi baina ya ukumbi wa wanaume na chumba cha wanawake, kama tulivyofanya siku zote. Mashine ilikaa upande wetu. Wanawake waliitazama picha ileile kwa nyuma, mwanga ukipenya kitambaa, na kwao kila kitu kilikuwa kimegeuka: kulia kikawa kushoto. Hakuna aliyejali. Mimi, msomi, nilikaa kando ya shuka kutafsiri Kiingereza kwa sauti, pande zote mbili zisikie.

Mchezaji mkuu tulimjua sote. Wazee walimjua tangu Unguja, kijana juu ya farasi, bastola kiunoni, anasafisha miji ya vumbi. Sasa uso ulikuwa na mikunjo, tumbo limetangulia, na nywele nilizitilia shaka. Alivaa koti la mjini, akiwaandama wauza unga ndani ya gari dogo ambalo ilikuwa taabu kuliingia.

"Farasi kamuuza?" aliuliza mjomba.

"Farasi ndiye aliyeomba kuacha kazi," akajibu mzee jirani.

"Askari gani huyu hana sare?" ilitoka sauti ya mama nyuma ya shuka.

"Askari kanzu, mama."

"Basi Jeddah nzima ni askari," akasema mjomba, na kule nyuma wanawake wakacheka kuliko sisi.

Walinikaba pia kwa tafsiri. "Mbona yule mwanamke kasema maneno mengi, nawe umesema 'karibu' tu?" Nikawaambia Kiingereza ni lugha ndefu.

Picha ilifika mahali yule askari mzee anapanda ngazi za jumba, ghorofa baada ya ghorofa. Katikati akasimama, kashika reli, anatafuta pumzi. Wanaume wakaanza tena mzaha.

"Kabadilisha kazi," alisema baba. "Umri ule, mbele ya watu wote wanaomjua, kabadilisha kazi."

Mzaha ukakatika. Pale juu mzee akapiga teke mlango, akatoa bastola kwa mkono wa kulia, na mambo yakaenda yalivyokwenda.

Asubuhi ya Ijumaa tulikuwa watatu kwenye mkeka, na chai na mkate. Mama akaanza huku anamimina.

"Mmemwona mzee wa watu? Kila kitu kwa kushoto. Bastola kushoto, kalamu kushoto, hata kikombe. Na mimi namkumbuka Unguja, alikuwa akipiga kwa kulia. Ameumia yule. Ameumia akajifunza upya."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maelezo kamili tayari, ya mwanga, ya shuka na ya upande aliokaa.

"Kula," baba aliniambia.

Kisha akamgeukia mama. "Nimeona. Nadhani ni bega."

Baba alikuwa amekaa mbele ya mkono ule wa kulia kwa saa mbili. Huyu ndiye mtu aliyewahi kuteremsha bango zima na kulipaka upya kwa sababu nukta moja ilikaa pembeni kwa upana wa unywele, na mteja mwenyewe hakuiona. Sikupata kumsikia akisema jambo asiloliona, ila siku ile.

"Bega ni baya," akasema mama.

"Baya sana. Hebu nipe ile brashi ndogo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wiki zote zile nilikuwa nikijibu swali ambalo hakuuliza. Dini aliijua kunishinda. Alichokiogopa ni kuonekana na mji mzima, yeye fundi, akichora alifu kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mama, kwa kosa lake, alimpa mwenzake wa kufuatana naye.

Herufi za kwanza zilikuwa kama nyayo za mbuzi. Aliziandika kwenye magazeti ya zamani, nasi tukawa tunayafungia samaki. Nilipokuja wiki ya pili Kiarabu kilikuwa kimesimama sawa. Aligundua jambo lililomfurahisha kama mtu aliyeokota kitu: kwa kuwa maandishi yanatoka kulia, mkono wa kushoto hutangulia mbele na haupakazi rangi mbichi. Kiingereza ndicho kilichomsumbua. Pale ilimbidi aegemeze kifundo cha mkono juu ya fimbo, kisiguse rangi.

Kafili alikuja siku za mwisho za Shaabani, nami nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kushika ngazi. Lilikuwa bango la duka la dawa. Jina lilikuwa limekamilika kwa lugha mbili, na baba alikuwa juu, ameanza Bismillahi kwenye ukingo. Kafili akasimama nyuma yetu bila kusalimu.

"Bismillahi kwa kushoto, yaa sheikh?" aliuliza hatimaye.

Baba hakugeuka. Alikuwa katikati ya mvuto mrefu wa herufi ya sini, na mvuto haukatwi.

"Kwa huu nilioachiwa," akasema alipoumaliza.

Kafili alitazama Kiarabu. Akasogea, akatazama Kiingereza, akainamisha kichwa kidogo kufuata herufi mbili zilizokuwa zimelala.

"Hizi mbili?"

"Nitazirekebisha kesho."

"Yalla. Kesho lete na ikama yako."

Akaenda kwenye gari lake. Baba aliteremka taratibu, nikampa kitambaa, akafuta vidole kimoja kimoja, kisha akaniambia nisogeze ngazi, jua lilikuwa limempiga machoni upande ule.

Naendelea kuuliza kila kitu, na ofisini wamenizoea. Lakini mama bado anawasimulia wageni habari za yule mzee aliyeumia bega, nami hukaa nikala. Namshukuru Mungu kwa lile neno moja la baba lililonifunga mdomo. Ningelisema nililokuwa nalo asubuhi ile, ningekuwa sahihi, na wao wangekuwa wapi?