Besi Hupita Ukutani

Kofi la kwanza nililopigwa na mume wangu nilipigwa kwa sababu ya besi. Alikuwa ametoka kujaribu kaseti mpya kwenye redio ya kinyozi wa jirani, na kinyozi akamcheka mbele ya wateja kwamba ngoma zake zinalia kama makopo. Akarudi amevimba. "Besi iko wapi?" akaniuliza, utadhani nimeifungia kwenye pindo la kanga. Nikamjibu, "Si imebaki humu ndani, haikupenda kutoka." Nilikuwa natania. Nilikuwa bibi harusi wa juzijuzi na bado nilidhani naruhusiwa kutania. Kofi lilitua sikioni, na sikio hilo likapiga mluzi mpaka kesho yake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimesema kweli. Besi ilikuwa imebaki ndani.

Hiyo ilikuwa Masasi, enzi za ruksa ya biashara huria zimeshakolea. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameingia kila kona, na maghala ya zamani mengine yakabaki na panya na harufu ya magunia. Mume wangu, mtu wa Newala, alipanga kipande cha ghala moja akakigeuza studio. Kuta akazipigilia magunia na trei za mayai, mlango akaujaza sponji, na kutoka Dar akaja na mixa, deki, spika mbili ndogo za kusikilizia, na sabufa. Sabufa lilikuwa boksi jeusi la besi, na ndilo lililokuwa mtoto wa nyumba ile. Lilifutwa vumbi kila asubuhi, likafunikwa kanga, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Kanga yenyewe ilikuwa yangu.

Aliamini sabufa ni kitu cha kuonyesha nguvu. Alilisukuma kwenye kona, akazungusha kila kitufe mpaka mwisho, akakaa kwenye kiti chake anatikisika mbavu kwa raha. Kwa kuwa humo ndani besi ilimjaa, kwenye kaseti aliipunguza. Kaseti ikitoka nje haina kitu. Akirudi na aibu, aibu ile ilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

Alikuwa na utaratibu wake wa kupiga. Kwanza anawasha muziki. Anachagua kaseti bila haraka, anaongeza besi, anavua saa ya mkononi anaiweka juu ya mixa, ndipo anageuka. Nilipiga yowe mpaka koo likachanika. Mimi nimekulia Lulindi, na kwetu mwanamke akipiga yowe watu wanatoka, hata kama wanakula. Masasi hakutoka mtu. Upande wa pili wa ukuta aliishi mama muuza vitumbua, na asubuhi akiliona jicho langu aliniambia, "Pole, mwanangu. Jana muziki ulikuwa mkubwa." Nilimchukia kwa sentensi ile kuliko nilivyomchukia kinyozi.

Nilikimbia mara moja, nikaenda Chiungutwa kwa mjomba, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na ndiye aliyeniozesha. Akanisikiliza, akanilisha ugali na kisamvu, akanipa mkeka wa kulalia. Kulipokucha akanipakia kwenye baiskeli yake akanirudisha. "Mume ni wa kuvumiliwa, mpwa wangu," alisema njiani, anahema. Mimi nyuma kwenye keria niliomba tairi zote mbili zipasuke. Hazikupasuka, na mume wangu akatupokea kwa heshima zote, shikamoo mjomba, karibu kiti.

Malalamiko ya wanamuziki yalipozidi, alimwita fundi kutoka Mtwara. Fundi alihitaji mtu wa kukaa nyuma ya sabufa ili yeye akae kwenye kiti na kusikiliza. Mume wangu alikuwa nje anabishana mpira na kinyozi. "Shemeji, njoo unishikie hapa," fundi akasema, nikapiga magoti nyuma ya boksi ambalo nilikatazwa kuligusa.

Alikuwa mtu wa kuongea akifanya kazi, na hakujali anayemsikiliza ni nani. Alisema spika ndogo zina kifua kidogo, ukizilazimisha kubeba sauti nene zinakabwa. Kwa hiyo sauti inagawanywa: iliyo chini ya mpaka inakwenda kwenye sabufa, iliyo juu inabaki kwa zile ndogo. Mpaka huo aliuita krosova, akaniambia niuweke kwenye themanini. Akaniambia tulitoe boksi kwenye kona, kwa sababu kona inaivimbisha besi ikadanganya. Halafu tukaipunguza, tukaipunguza tena, mpaka nikadhani ameizima. "Ukilisikia boksi, umekosea," alisema. "Usikie ngoma tu. Usijue inatokea wapi."

Mwisho ilikuwa swichi ndogo ya nyuma, ya fezi.

"Geuza."

Nikageuza. Besi ikafa.

"Rudisha."

Nikarudisha, ikafufuka.

"Umeona? Ukiigeuza hivyo, zile ndogo zinasukuma hewa na sabufa inavuta. Zinauana hapahapa kwenye kiti. Aliyekaa hapa anasema besi hakuna, kumbe nje mabati yanacheza."

Nikamuuliza, bado niko magotini, "Na mtu akipiga kelele humu, nje wanasikia?"

Alicheka. Hakujua anaulizwa nini. "Wapi, shemeji! Sauti nyembamba magunia haya yanaimeza yote. Nene ndiyo haizuiliki. Besi hupita ukutani."

Nilibaki nyuma ya lile boksi muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kumbe mayowe yangu yote yaliishia kwenye magunia ya korosho, na kilichovuka kwenda kwa mama wa vitumbua ni muziki peke yake. Sikulia. Nilipandwa na hasira.

Fundi hajafika hata stendi, mume wangu alishakaa kwenye kiti na kutangaza kwamba ameibiwa, besi imepungua. Akaanza kupapasa vitufe, na katika kupapasa akaigeuza ile swichi ya nyuma. Sasa besi ikapotea kabisa kitini pake. Basi akaongeza kwenye mixa. Akaongeza tena. Hivyo ndivyo alivyorekodi kikundi cha ngoma kutoka Newala, siku nzima, besi juu ya besi asiyoisikia. Niliona kidole chake kwenye ile swichi na sikusema neno, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa haujapona kipigo cha juzi yake.

Kaseti zikapanda Newala. Dereva wa basi akaiweka moja, spika za basi zikaunguruma mpaka abiria wakaziba masikio, na hakuna aliyesikia hata neno moja la wimbo. Kiongozi wa kikundi, mzee mmoja mpole, alishuka Masasi asubuhi na mapema kuja kudai kaseti nyingine. Ngoma zao zilikuwa bado zimesimama studio kwetu. Alizungumza kwa adabu, mume wangu akamwambia kosa ni la basi.

Hapo ndipo nilipochoka. "Kosa ni swichi ya nyuma," nikasema. "Umeigeuza. Zinauana kwenye kiti. Hukuisikia besi, ukaongeza na kuongeza, huko ikapasuka."

Mzee akageuza shingo taratibu. "Shemeji amesema kitu," akasema.

Aliahidiwa kaseti mpya, akashikana mkono na mume wangu, akaenda zake. Mume wangu akafunga mlango. Akachagua kaseti. Akavua saa.

Alinipiga kwa stendi ya maikrofoni. Ya chuma. Ya kwanza niliikinga kwa mkono wa kushoto, nikasikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Iliyofuata ilinipata begani, nyingine mgongoni nikiwa nimeshaanguka, halafu akaiacha akatumia viatu. Hakuwa anatukana. Alikuwa anahesabu makosa yangu mojamoja: kumdhalilisha mbele ya mgeni, kugusa vyombo, kujifanya fundi. Alipochoka akazima muziki, akafuta stendi kwa kanga yangu. "Nakwenda Newala kukusanya zile kaseti," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayefunika chakula chake. "Nikirudi namalizia."

Nikasikia kufuli likibana kwa nje. Nilimwamini. Mume wangu alikuwa na maovu mengi, ila la kuahidi kipigo asikilete halikuwemo.

Nilijivuta hadi kwenye mixa. Kwanza nilishika maikrofoni nikapiga yowe, spika ndogo zikalitoa lote, na magunia yakalila lote. Nikalala chini, nikaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango, nikapiga tena. Wasichana wawili walikuwa wanapita na ndoo. "Leo wanarekodi nini hawa?" mmoja akauliza. Mwenzake akasema, "Hata sauti hana." Wakacheka wakaenda. Nilibaki pale kwenye saruji nacheka nao, nacheka na kulia, mkono umevimba kama muhogo.

Halafu nikatulia, nikafikiri kama fundi. Yowe ni jembamba. Na hata lingepita, nani angekuja? Ugomvi wa mke na mume watu wanauzungukia kama matope. Kuna wito mmoja tu ambao mtaa mzima hauwezi kuukalia kimya, awe Mkristo, awe Mwislamu, awe anakudai au unamdai. Baba yangu alikuwa mpiga ngoma wa kanisa, na mtu akifa ndiye aliyetuambia. Pigo zito, kimya kirefu, pigo zito, kimya kirefu. Akifa mwanamke, mapigo yalikuja mawilimawili. Mtaa wetu wa Masasi ulijaa watu wa vijiji vya misheni, na waliobaki walikuwa wamezika nao kiasi cha kuijua ngoma hiyo.

Nililisukuma sabufa kwa makalio mpaka likagusa mlango, kwenye kona kabisa, ambako fundi alikataza. Nilitaka kona iivimbishe besi hadi basi. Spika ndogo nikazizima, asiwepo wa kugombana nalo. Krosova nikaitoa themanini nikaipandisha mpaka mwisho, kwa sababu ile ngoma kubwa ya Newala sauti yake ilianzia juu zaidi ya pale. Jaribio la kwanza lilinipa mngurumo usiokatika, besi inarudi kwenye maikrofoni na kutoka tena. Nikaikokota ngoma hadi mwisho wa chumba, nikaizungushia, pamoja na maikrofoni yake, magunia niliyoyang'oa ukutani, nikaomba umeme usikatike.

Nikapiga kwa mkono mmoja. Mbilimbili, kisha kimya. Mbilimbili, kisha kimya. Mabati ya ghala yakaitika. Trei za mayai zikadondoka. Kila pigo lilipita kwenye ule mfupa uliovunjika, na sikuacha.

Walikuja. Kwanza nikasikia kilio cha wanawake kikikaribia, kile cha kuingilia msibani, halafu kuni zikitupwa chini, halafu sauti za wanaume. Nikaacha kupiga nikaenda mlangoni.

"Nani amefariki humu?" mwanamume mmoja akaita.

"Hajafariki mtu," nikasema kwenye upenyo. "Nimefungiwa. Mume wangu amenivunja mkono na anarudi jioni kunimaliza."

Kilio kikakatika. Mzee mmoja akasema kwa hasira, "Msiba hauitwi kwa uongo, binti."

"Si uongo, babu. Nimewaita mapema tu."

Nilisikia miguu inahama, nikadhani wanaondoka. Kisha chuma kikagonga chuma. Alikuwa kijana aliyekuja na jembe la kuchimbia kaburi, analipiga kufuli. Lilipokatika, wa kwanza kuingia alikuwa mama wa vitumbua. Aliutazama mkono, akautazama uso, akavua kanga yake ya juu akanifunga nayo bega. "Nilikuwa najua," akasema.

Wakanitoa nje wakanikalisha kwenye mkeka katikati ya wanawake. Mmoja alikwenda kumtafuta mganga wa zahanati. Wengine hawakuondoka. Mikeka ilishatandikwa, moto ulishawashwa, unga ulishaletwa, na hakuna aliyejua namna ya kuutawanya msiba usiokuwa na maiti. Wakakaa. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, wanaongea chinichini. Mimi nikajilaza, kanga imenifunika mpaka kichwani kwa sababu ya jua.

Alasiri, mume wangu alishuka kwenye gari la Newala na boksi la kaseti begani. Aliuona moto. Aliwaona wanaume waliokaa kimya mbele ya mlango wake, akayaona majembe, akauona mkeka na mtu aliyefunikwa. Boksi likamponyoka, kaseti zikatawanyika mchangani. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote, wala kumuuliza lolote.

"Jamani," akasema, mikono kichwani, "mimi sikumpiga sana. Nilimwacha anapumua."

Nikaifunua kanga usoni, nikaketi.