Mashine ya Boti Sebuleni

Mashine ya boti ililetwa nyumbani kwetu Temeke kwa mkokoteni, imeviringishwa gunia na kufungwa kamba za katani. Jirani aliyekuwa akianika nguo aliniuliza kama tumenunua cherehani. Nilimjibu ndiyo, kwa sababu nilikuwa nimetoka kufundisha tangu asubuhi, miguu inawaka moto, na sikuwa na nguvu ya kueleza. Mume wangu ndiye aliyeeleza. Alifungua gunia pale pale uani, akaifuta mashine vumbi kwa shati lake mwenyewe, na kabla sijavua viatu ua wote ulikuwa umejaa watu.

Miaka ile kila nyumba ilikuwa na mradi. Maduka yaliyokuwa matupu wakati tunaoana sasa yalijaa sabuni, mitumba, redio kaseti na vikorokoro ambavyo hatukujua hata kazi yake, ila mshahara ulibaki ule ule. Kwa hiyo walimu tuliuza maandazi na barafu, manesi wakauza vitenge, na mabwana wakubwa wa ofisini wakafuga kuku nyuma ya nyumba za serikali. Mie nilikuwa na kuku wa mayai na friji. Friji iligandisha maji ya ukwaju kwenye vifuko vya nailoni, watoto wa shule wakanunua. Kisha ukaja mgao wa umeme. Friji ikawa kabati la vyombo, nikabaki na kuku.

Mume wangu alikuwa karani wa stoo katika shirika moja la umma. Shirika lilipoanza kupunguza watu, yeye alikuwa katika kundi la mwanzo. Wakampa kiinua mgongo chake na mkono wa kwaheri. Kwa muda mrefu baada ya hapo aliendelea kuamka alfajiri, akanyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, halafu akaenda kukaa barazani. Nilikuwa nikimpita pale nikienda kazini, nikirudi namkuta pale pale, shati bado limenyooka. Hakuna kitu kilichonichosha kama lile shati.

Alikuwa mtu wa kupenda vyombo. Kabla hata huku bara hatujawa na kituo cha televisheni, yeye alikuwa ameshanunua televisheni kuukuu na kusimamisha mlingoti wa mabomba juu ya paa ili anase matangazo ya Zanzibar. Upepo ukibadilika, yeye alipanda kuzungusha antena, mie nikasimama dirishani kupiga kelele: "Hapo! Hapo hapo! Ah, umepita, rudisha!" Baadaye ikaja deki ya video, ikaja pasi ya mvuke iliyoungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Kila chombo kilikuwa na msimu wake wa kupendwa. Msimu ukiisha nilikifunika kitambaa cha kufuma, tukaendelea na maisha.

Wazo la boti lilitoka kwa rafiki yake wa kazini, naye kapunguzwa, aliyekuwa amepanga chumba Msasani. Huko kulikuwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao na anauza boti ya faiba bila mashine. Walipanga wanunue boti kwa pamoja, watafute mashine iliyotumika, kisha Jumapili wawe wanapeleka watu visiwani kuogelea na kula samaki. Wageni walikuwa wengi, na hata wenyeji wenye fedha mpya walikuwa wameanza kupenda mambo hayo.

"Mwalimu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita hata tukiwa wawili tu, "fedha ikikaa benki inalala. Lazima uizungushe."

"Izungushe nchi kavu."

"Mie mtoto wa Kigoma. Nimezaliwa kando ya ziwa. Maji nayajua."

"Na ya chumvi unayajua?"

"Maji ni maji."

Sikubishana zaidi. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na kwa kweli nilifurahi kumwona ameacha kukaa barazani.

Boti ilibaki Msasani, imefungwa ufukweni. Mashine haikuweza kubaki huko, kwani wezi wangeing'oa siku ya kwanza, na chumba cha rafiki yake kilikuwa na mlango wa kusukuma kwa bega. Kwa hiyo ilikaa kwetu sebuleni. Mume wangu aliitengenezea farasi wa mbao, yaani kiegemeo cha miguu minne, akaiweka wima kati ya kochi na meza ya televisheni. Nyumba nzima ikanuka petroli. Wali ulinuka petroli, mashuka yalinuka petroli. Watoto wetu wawili waliambiwa wasiiguse, basi wakawa wanakula wakiitazama kama mgeni aliyekataa kula.

Mama yangu alikuja kutoka Mbagala kututembelea. Mume wangu akampokea kikapu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Na huyu ni nani?" aliuliza, akiielekezea mashine kidole.

"Hiyo ndiyo kazi yangu mpya, mama."

Mama aliizunguka polepole. Halafu akanigeukia. "Wageni wakija mnawaketisha wapi?"

Siku iliyofuata nilitafuta kitambaa kikubwa cha kufuma, kile cha maua mekundu, nikaifunika. Nadhani hapo ndipo nilipokubali kuwa tunaishi nayo.

Jumamosi ilikuwa siku ya majaribio. Aliipeleka mashine uani, akaifunga kwenye ukingo wa pipa la maji, akavuta kamba mpaka ikaamka. Lilikuwa ni pipa langu la maji ya kufulia, nami maji yale niliyachota kwa ndoo kutoka bombani, nyumba ya tatu, siku ambazo bomba lilitoa. Mashine ilinguruma, ikatapika moshi, maji yakaruka huku na huku. Yaliyobaki yalikuwa na utando wa mafuta, hayafai hata kuosha choo. Kuku walijibana pembeni mwa banda, mmoja juu ya mwingine. Baada ya Jumamosi chache wakasusa kutaga.

"Kuku hawatagi," nilimwambia.

"Watazoea."

"Hawatazoea. Na maji yangu?"

Alizima mashine. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa oili na uso wake unang'aa jasho. "Mwalimu, kidogo tu. Biashara ikishika, utaacha hata hao kuku."

Nilibeba ndoo nikaenda bombani tena. Sikuwa na hasira. Hasira inataka nguvu.

Ikawa hivyo: kila Jumapili asubuhi taksi kuukuu ilikuja kuichukua mashine, mlango wa buti umefungwa kwa kamba, na jioni ikairudisha. Siku nyingine walipata watu, siku nyingine mvua ilinyesha, siku nyingine watu waliahidi na hawakuja. Nilichopata mie ni nguo zenye chumvi za kufua na hadithi za baharini, ambazo nilizisikiliza nikiwa nimefumba macho.

Jumapili moja aliondoka na mashine alfajiri, akarudi na taksi ile ile mapema asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri juu ya paa. Kundi la watu waliokuwa wameagiza safari lilikuwa limetuma habari kwamba haliji. Boti iko tayari, mafuta yameshatiwa.

"Vaeni," alisema. "Leo nawapeleka nyie."

Mie ni mtu wa pwani. Bibi zangu wote wamezikwa karibu na bahari. Lakini maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kupanda chombo chochote zaidi ya kivuko cha Kigamboni. Nilitaka kusema nimechoka, nina nguo za kufua, lakini watoto walikuwa tayari wanapigana kugombea kandambili. Nikafunga wali na samaki kwenye sufuria, nikajifunga khanga kichwani, tukaenda.

Pale Msasani rafiki yake alitupokea, suruali imekunjwa hadi magotini. "Karibu shemeji. Leo ndio utaamini." Akanishika mkono kunipandisha. Hakukuwa na maboya ya kuvaa, kasia lilikuwa moja, na mie sikujua kwamba hayo ni mambo ya kuuliza.

Mashine iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Tulipotoka kwenye maji mafupi, mume wangu alikaa nyuma, mkono wake juu ya mpini, na upepo ukampiga usoni. Nilimtazama. Sikuwa nimeuona uso ule tangu tulipokuwa wachumba. Hakuwa anacheka, alikuwa ametulia tu, midomo imefunguka kidogo, macho mbali. Watoto walipiga kelele kila boti iliporuka. Hata mie uchovu ulinitoka kidogo. Kisiwani tulikula wali wetu mchangani, watoto wakakimbizana na kaa, na yeye akalala chali kwenye kivuli akiniambia jinsi baba yake alivyokuwa akivua dagaa ziwani kwa taa. Hadithi hiyo hakuwahi kunipa.

Tulipokuwa tunarudi alasiri, bahari ilikuwa imeanza kuchafuka. Mawimbi hayakuwa makubwa, ila yalikuwa yanakuja kwa ubavu, mafupi mafupi. Mume wangu akaongeza mwendo ili tuwahi. Boti ikaanza kugonga maji kwa tumbo. Rafiki yake akageuka kusema kitu, nadhani alitaka kumwambia apunguze, lakini hakukifikisha. Wimbi liliinua nyuma ya boti, mashine ikanguruma patupu hewani, na tuliporudi chini ikachomoka kwenye vibano vyake. Iliinama upande mmoja kama mtu anayeanguka usingizini. Kamba ya kuifungia ilikatika. Ikaning'inia kidogo kwenye mpira wa mafuta, mume wangu akaikumbatia kwa mikono miwili, na kwa muda nikamwona anakwenda nayo.

"Iachie!" nilipiga kelele. "Iachie, una watoto!"

Akaiachia. Haikutoa hata kishindo kikubwa. Maji yalijifunga juu yake, likabaki doa la mafuta lenye rangi rangi, kisha nalo wimbi likalivuta.

Sikujua kwamba boti isiyo na mashine inayumba kiasi kile. Mtoto mdogo alianza kutapika, nikamshika kichwa. Rafiki yake alichukua lile kasia moja, akapiga maji upande huu na upande ule, na tukawa tunazunguka tu. Mume wangu alishika kopo na kuanza kuchota maji yaliyoingia. Yalikuwa machache, hayakufika hata vifundo vya miguu, lakini alichota bila kuinua kichwa. Kifua chake kilikuwa kimechanika pale chuma kilipompitia, na damu ilikuwa inatiririka taratibu kwenye shati.

"Baba, inatosha," nilimwambia. Hakusikia.

Tuliyumba hadi nikaanza kusoma dua kwa sauti. Kisha ikatokea boti nyingine, kubwa, nyeupe, yenye kivuli cha turubai, imejaa vijana wenye miwani ya jua waliokuwa wanarudi kutoka kula raha zao. Redio kaseti yao ilikuwa inapiga muziki kwa nguvu. Walitutupia kamba na hawakutuuliza mengi. Msichana mmoja aliwarushia watoto wangu soda, moja ikaanguka majini. Hivyo ndivyo tulivyoingia Msasani, tumevutwa nyuma ya muziki wa watu, na waliokuwa wamekaa kwenye mahoteli ya ufukweni wakasimama kutazama.

Siku zilizofuata mume wangu alirudi kule na wapiga mbizi, wale wanaozamia majongoo bahari. Walizama, wakazama, wakaleta tairi na kipande cha wavu. Nani angejua mahali penyewe ni wapi? Rafiki yake aliyakubali yaliyotokea mapema. Alitafuta mtu wa kuinunua boti, wakagawana, akaja kutuaga akiwa na begi begani, anarudi kwao Tanga kulima.

"Shemeji, nisamehe," alisema.

"Hujanikosea," nilimjibu, na nilimaanisha. Alikunywa chai, akatazama pale mashine ilipokuwa ikisimama, akaondoka.

Mama alikuja tena. Sakafu ya saruji ilikuwa na doa jeusi ambalo sabuni haikuliweza. Alilisugua kidogo kwa kisigino, akasema, "Basi hapa patakaa stuli." Nilicheka, nikacheka mpaka nikakaa chini, na kicheko kikageuka kitu kingine. Mama alinichukulia mtoto, akaniacha nimalize.

Sikulilia mashine. Harufu yake ilipotoka nyumbani nilishukuru, na kuku wakaanza kutaga tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilichokililia ni ule uso wa asubuhi ile baharini. Nilikuwa nimeishi na yule mtu miaka yote nikidhani namjua, nikampikia, nikamfulia, nikamzalia, na nilikuja kumwona kwa saa chache tu. Nilitamani nimwambie hivyo. Lakini jioni nilikuwa nachoka, naye alikuwa kimya, na maneno ya namna ile yanataka watu wawili wenye nguvu.

Kidonda cha kifuani kilipopona akaanza kutoka tena. Safari hii hakuvaa shati la pasi. Alipata kibarua Tandale, kwenye mashine ya kusaga karibu na soko, kwanza kubeba magunia, baadaye kusimamia mashine yenyewe, maana mwenye mashine aliona ana mkono wa vyombo. Alikuwa akirudi mweupe kutoka nywele hadi kope, watoto wakimkimbia kwa kumchezea kwamba ni mzimu. Mwanzoni aliwafukuza kwa ukali. Baadaye akawa anawakimbiza.

Alileta pumba kwa ajili ya kuku. Hakuniambia kwamba ataleta, siku moja tu niliukuta mfuko umeegemezwa bandani, na yeye amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anawapa kwa kiganja. Nikasimama mlangoni na chaki yangu bado vidoleni.

"Wanakula?" nikauliza.

"Wanakula."

"Na wewe umekula?"

Alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa jambo la zamani. "Bado," akasema.

Nikaingia ndani kuwasha jiko la mkaa. Mkaa ulikuwa mbichi, ukachelewa kushika, nikaupepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipotoka na sahani nilimkuta amelala mkekani, unga bado kwenye kope, mdomo umefunguka kidogo. Nilifunika chakula chake. Nikakaa kando yake nikisahihisha hesabu za darasa la tano, nikisogeza daftari kila mara kufuata mwanga uliokuwa unakwisha.