Fundi wa Chombo cha Chania Hakulala

Cheka ukitaka, lakini jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, na sikuwa peke yangu. Muulize Otieno. Na ujue mapema kwamba kisa hiki si changu sana. Ni cha mama mmoja wa kijiji cha Theta ambaye kwa miaka mingi alikaa benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, akitoka kabla ya sala ya kufunga ili asisalimiane na watu. Watu walisema mume wake alilala kazini akaua mwenzake. Hilo liweke kichwani, nitalirudia.

Mimi hutengeneza michezo ya kusikiliza kwa simu. Studio yangu ni chumba kimoja cha kupanga Mwihoko, mablanketi manne ukutani. Upande huu jirani anachomelea mageti, upande ule kuna kanisa lenye spika nyingi kuliko waumini. Hapo nitarekodi anga za juu namna gani? Na mchezo wenyewe ulikuwa wa huko: chombo kinaitwa Chania, kama mto wetu, kimepotea kati ya nyota, na ndani kuna mzimu wa fundi wa mitambo. Wenzake wanamlaumu kwamba alilala zamu yake, hewa ikavuja, watu wakafa. Katika kipindi cha mwisho Kapteni anamkabili, na mzimu unakiri na kuomba msamaha. Niliyaandika hayo mwenyewe na nikajiona mkali sana.

Otieno, aliyeigiza Kapteni, anafanya kazi ya kiwanda huko Thika. "Boss," akaniambia, "kuna kiwanda kilifungwa kitambo, na mlinzi ni mtu wa kwetu. Jumapili pale hata nzi hapiti."

Tukaenda. Mlinzi akatupeleka chumba cha boila, mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke. Wee! Chuma kirefu kama nyumba, mabomba kila mahali, ngazi ya kutu inapanda hadi juu. Nilipiga kofi moja, mlio ukazunguka chumba chote na kurudi. Nilikuwa nimepata chombo changu.

Sasa sisi watu wa sauti tuna desturi yetu. Ukifika mahali papya, kabla mtu hajasema neno, unarekodi dakika moja ya kimya cha pale. Kila chumba kina kimya chake. Baadaye ukihariri, unakitandaza chini ya maneno ili mapengo yasisikike. Lakini hakuna anayekisikiliza. Ni kimya, utasikiliza nini? Nikarekodi dakika yangu, Otieno amebana pumzi, kisha nikamtafuta muigizaji wangu wa mzimu. Simu imezimwa. Nikampigia mara kumi. Haki, nilitukana kwa Kikuyu na Kiswahili mpaka Otieno akaniomba nipunguze.

Ndipo mzee mmoja akatokea nyuma ya boila. Ovaroli ya bluu, mikono imelowa maji hadi kwenye viwiko. Nikadhani ni rafiki ya mlinzi.

"Mnatafuta mtu wa kusema maneno ya fundi?" akauliza kwa upole. "Mimi ni fundi."

Nikampa karatasi. Aliishika tu, hakuiangalia. Otieno akauliza swali lake la Kapteni: "Fundi, kwa nini ulilala?"

Mzee akainua macho kuelekea juu ya ngazi. "Sikulala, kijana wangu. Wakubwa waliifunga valvu ya mvuke kwa waya ili kazi isisimame. Nilikuwa kule juu, naifungua. Mwambie Mama Njeri. Mwambie sikulala."

Niamini, nimefanya kazi na waigizaji wengi, wengine wakubwa, wanaojua kulia kwa kuamriwa. Sijawahi kumsikia mtu kama yule. Hakupaza sauti wala hakujilazimisha. Lile "sikulala" la pili alilisema polepole, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake. Alikuwa ameivuruga script yangu, na mimi huwa sipendi kabisa kuguswa script, lakini nilisimama pale machozi yakinitoka, nikimwonea wivu. Nikainama kuweka mashine chini nimpe mkono. Kuinuka, hayuko.

Mlinzi akatuangalia vibaya. "Mzee gani? Si mliingia wawili?"

Otieno akabeba mashine akatangulia nje.

Kufika nyumbani nikafungua kazi. Ngai! Sauti ya Otieno iko. Swali lake liko. Baada yake, pengo tupu. Mzee hayuko hata kidogo. Nililia kwa hasira, kisha nikasema basi, nitaigiza mzimu mwenyewe. Nikavuta ile dakika ya kimya, niliyorekodi kabla mzee hajatokea, nikaitandaza chini ya maneno ya Otieno kama kawaida, nikabonyeza.

"Fundi, kwa nini ulilala?"

"Sikulala, kijana wangu."

Maneno yote yalikuwa ndani ya kile kimya, yameingia kwenye pengo sawasawa. Na mimi nilifanya nini? Niliyaweka hewani. Muigizaji hodari namna ile, ningemfungia kwa kompyuta?

Siku ya tatu simu ikalia. Msichana, Njeri, kutoka Theta. Alikuwa akisikiliza akipika, mama yake akaangusha sufuria ya ugali. "Anasema hiyo ni sauti ya baba," akaniambia. "Baba alikufa kiwandani, bomba la mvuke likapasuka. Mlimtoa wapi?"

Nikamweleza yote. Tulienda na Mama Njeri mpaka chumba kile. Otieno akapanda ngazi. Juu kabisa kuna valvu ya usalama, ile ya kuachilia mvuke ukizidi. Ilikuwa imefungwa kwa waya mizunguko minne. Mitatu ilikuwa imefunguliwa. Wa nne ulikuwa bado umeumwa na koleo ya kukatia waya, yenye kutu, mpini wake umeviringishwa kitambaa cha kijani.

Mama Njeri alipoiona koleo akaketi chini kwenye vumbi. "Ni leso yangu," akasema. "Niliikata mwenyewe. Koleo ilikuwa inamuumiza kiganja."

Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mbele, koleo ndani ya kibeti. Ibada ilipoisha alisimama mlangoni akasalimia kila mtu. Mjane wa yule mwenzake aliyekufa naye alimshika mikono yote miwili, hakumwachilia haraka.

Dakika ile nimeisikiliza tena mara nyingi. Imebaki kimya tu. Kila ninaporekodi mahali papya, siku hizi naisikiliza dakika yote, nimevaa spika za masikio, nimefumba macho. Otieno hunicheka, lakini chumba cha boila harudi.

Na wewe unayeandika, au unayependa kusimulia za watu sokoni, nakuonya. Mimi nilimwandikia mtu asiyeweza kujibu kwamba alilala, kwa sababu kisa kilikuwa kinanoga hivyo. Usifanye. Panda ngazi kwanza uangalie.